Somo: Kusoma maji kabla ya kutupa mshipi, ghuba ya Lindi

Kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe: "Mzee, kesho samaki watakula?" Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena atarudishwa hapa. Somo hili ni la wenye mshipi, wa ufukweni na wa mtumbwini. Wenye nyavu wana hesabu zao.

1. Jua tarehe ya mwezi. Mwezi wa mwandamo, si wa kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, nalo hukolea siku moja mbili baadaye. Kwenye tarehe 8 na 22 hivi ni maji mafu, hujaa kidogo na kupwa kidogo.

2. Hesabu saa. Siku za bamvua maji ya kwetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Kila siku saa husogea wastani wa dakika 50. Penye bamvua ni pungufu ya hapo, penye maji mafu zaweza kupita saa nzima.

3. Chagua siku. Wengi hukimbilia bamvua lenyewe kwa kuwa maji ni mengi. Mengi ndiyo, lakini tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, mkondo unazoa chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, tope la mikoko linapanda, na chambo hakikai. Bamvua waachie wachokoa pweza. Mshipi unataka maji yanayotembea bila kukimbia. Mimi hupenda tarehe 3 hadi 5, na 17 hadi 19: bamvua linalegea, na maji humalizia kujaa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, jua likiwa bado chini. Changu na kolekole hupanda na maji hayo kutafuta chakula. Maji yakisimama, kunywa chai.

4. Tazama mto. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, ila usitazame mawingu ya Lindi mjini. Lukuledi unatoka huko Masasi; mbingu yaweza kuwa nyeupe hapa na ghuba ikawa rangi ya chai ya maziwa. Maji ya mto ni mepesi, hukaa juu, ya chumvi yakabaki chini. Basi shusha chambo chini kabisa, au sogea nje ya ghuba.

5. Upepo. Kusi huvuma zaidi Juni hadi Agosti. Toka alfajiri, rudi kabla haujakaza. Maji yakitoka na upepo ukaingia, mawimbi huwa mafupi na ya wima. Mtumbwi hauna kazi hapo.

6. Ndoana kali, chambo kibichi. Ngisi au kamba.

7. Pa kusimama, na saa ya kuondoka. Hapa soma taratibu. Ukitembea kwenye fungu la mchanga au mwamba maji yamepwa, kote huonekana kukavu. Kati yako na nchi kavu, hata hivyo, kuna bonde usilolitambua, na maji yakianza kujaa hupita humo kwanza. Wewe umesimama pakavu, macho baharini, mshipi unaguswaguswa, na nyuma yako tayari ni maji ya kiuno yenye mkondo. Msiniulize nimejuaje. Tena maji hayapandi kwa kasi moja: saa ya kwanza ni kidogo, ya tatu na ya nne ndizo kubwa. Kwa bamvua la mita 3, kila moja ya saa hizo hupandisha kama sentimita 75. Kwa hiyo ukienda, chomeka mti bondeni. Maji yakigusa mti, ondoka, hata kama kuna chewa kwenye ndoana. Usiende peke yako usiku. Simu itie kwenye mfuko wa nailoni. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote za mwaka, usizizoee.

MASWALI

Kijana wa Rasbura: Mzee, Jumamosi samaki watakula?
Jibu: Namba 1 hadi 3.

Mgeni Mjini: Somo lako si kweli. Programu ya simu iliandika maji yanajaa 10:20, nikafika saa kumi na dakika ishirini jioni, nikakuta matope matupu.
Jibu: Ndugu yangu, 10:20 ya simu ni saa nne na dakika ishirini. Bahari haikukosea, wala mimi.

Binti Kitunda: Shikamoo mzee. Kwa nini dakika 50, isiwe saa kamili?
Jibu: Marahaba binti yangu, swali zuri. Dunia inajizungusha, lakini na mwezi nao unasogea mbele kwenye njia yake. Dunia ikimaliza mzunguko, mwezi haupo pale ulipoachwa jana. Inabidi kuufuata dakika kama 50 zaidi. Ndiyo maana hata kuchomoza kwake huchelewa kila siku. Tazama juma hili, utaona mwenyewe.

Mvuvi wa Mchinga: Mwezi mpevu sisi wa dagaa tunalala. Karabai haivuti kitu.
Jibu: Kweli, mwanga wenu unashindwa na wa juu.

Kijana wa Rasbura: Hujanijibu kuhusu Jumamosi.
Jibu: Nimekujibu.

Mtwara Shangani: Mzee, hesabu hii inafaa mlangoni mwa Ruvuma?
Jibu: Saa zinakaribiana sana. Ila kule ni ndani ya hifadhi ya bahari, tangu mwaka 2000; pita kwanza kwa wahusika ujue utaratibu. Na ukipanda mto kuna mamba na viboko, usiingize miguu majini kusubiri samaki.

Mama Ntilie: Jana kijana kaniletea samaki kavimba kama mpira, anataka nimkaangie.
Jibu: Huyo bunju, mama. Mwambie amtupe mbali, paka wasimpate. Sumu yake haifi kwa moto, ukaange au uchemshe.

Mama Ntilie: Keshamtumbua, yuko kwenye beseni langu.
Jibu: Tupa samaki, sugua beseni na kisu kwa sabuni na maji mengi. Mikono pia.