Kifaransa: ile -e ya "uje" tayari unayo

Mnaotembeza wageni Mikindani na mnajifunza Kifaransa, msiikimbie subjonctif, yaani umbo la kitenzi linalofuata maneno kama "nataka" au "lazima". Nusu yake mnaitumia kila siku. Ukisema "nataka uje", kitenzi kimebadilika mwishoni. Husemi "nataka unakuja". Mfaransa naye husema je veux que tu viennes. Lazima tuondoke: il faut que nous partions. Hata kwenye matumaini tunakwenda pamoja: "natumaini utakuja" haina ile -e, na j'espère que tu viendras nayo haichukui subjonctif.

Mtego uko kwenye "kabla". Sisi tunasema "kabla hujaondoka", wao wanataka subjonctif: avant que tu partes. "Ingawa" vilevile: bien que ce soit cher, wakati sisi tunasema tu "ingawa ni ghali". Hizi mbili kariri, hakuna njia ya mkato.

Amri ni nyepesi zaidi. Chukua umbo la vous ("ninyi", au "wewe" wa heshima), mwache vous mwenyewe: goûtez! Hapo umeshamkaribisha mgeni aonje korosho. Tumia umbo hilo hata kama yuko peke yake, maadamu ni mtu mzima usiyemjua. Goûte ni ya rafiki au mtoto, na haina s mwishoni japo "tu goûtes" (wewe unaonja) inayo.

Être (kuwa) na avoir (kuwa na) ni miongoni mwa vitenzi vinavyokopa kutoka subjonctif: soyez, ayez. Ukimpandisha mtu ngalawa huku anatetemeka, mwambie n'ayez pas peur (usiogope). Akishapanda, veuillez vous asseoir (tafadhali keti), tena kwa sauti ya upole, maana bila hiyo inasikika kama tangazo la ofisini.