Namna ya kupanga ukali wa tetemeko kwa mizani ya Mercalli

Ukubwa wa tetemeko husomwa kwa mitambo, nao ni namba moja kwa tetemeko zima. Ukali ni jinsi ardhi ilivyotikisika mahali fulani, na hutofautiana mtaa kwa mtaa. Mizani ya Mercalli, ngazi I hadi XII, hupima ukali.

Hatua ya 1. Andika ukubwa uliotolewa na kituo cha matetemeko, na saa uliyousoma, maana namba ya kwanza hurekebishwa mara kwa mara. Watangazaji bado husema "Richter", ila mizani hiyo ya 1935 haiyapambanui vizuri matetemeko yanayopita 7 hivi. Siku hizi hutumika ukubwa wa momenti, unaokokotolewa kutokana na eneo la mwamba lililoteleza na umbali ulioteleza. Namba ikipanda kwa 1, nishati huongezeka takriban mara 32.

Hatua ya 2. Hoji watu kadhaa kila mtaa: walikuwa ndani au nje, ghorofa ya ngapi, macho au usingizini? Majibu ya ghorofa za juu yatenge, kwani jengo refu huyumba zaidi kileleni.

Hatua ya 3. Anzia chini, upande ngazi moja moja. Taa za kuning'inia zikibembea na wachache wakadhani lori limepita, III. Vyombo na madirisha yakigongagonga, IV. Wengi wakiamka na vitu visivyo imara vikianguka, V. Makabati mazito yakisogea na lipu ikibanduka hapa na pale, VI.

Hatua ya 4. Kuanzia VII huwezi kukadiria bila kujua nyumba ilijengwaje, na hapa ndipo wengi hukosea: wanaona nyumba moja imelala chini, wanaandika IX. Nyumba dhaifu huharibika vibaya hata kwenye VII, huku jirani yake iliyojengwa sawasawa ikipata nyufa tu. Majengo ya kawaida yakibomoka sehemu, hiyo ni VIII. Hesabu yaliyosalimika pia.

Hatua ya 5. Usichore miduara kuzunguka kitovu (mahali pa uso wa ardhi palipo juu ya chanzo cha tetemeko) ukidhani ukali hupungua sawasawa kwa umbali. Mwaka 1985 kitovu cha tetemeko la Mexico kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, lakini mitaa iliyo juu ya udongo laini wa ziwa la kale ilibomolewa vibaya.

Hatua ya 6. Vifo viwekee safu yake. Mwaka 2010 tetemeko la Chile (8.8) lilikuwa na nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti (7.0), ila waliokufa Haiti walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Ukisita kati ya ngazi mbili, andika zote mbili, kwa mfano VI–VII, uache hivyo.