Dhoruba za zamani kwenye bamba la alumini: ninavyozichapisha na kuzitundika

Nilipomwambia bibi kwa simu kwamba nimechapisha picha ya dhoruba kwenye bamba la alumini na kulitundika ukutani, alicheka mpaka akakohoa. "Yaani bati limeruka likakufuata hadi Marekani?" Bibi ni mtu wa Lindi. Kimbunga cha Aprili 1952 kilimkuta mtoto, na mpaka leo akikieleza huanza na mlio wa mabati.

Mimi niko Houston, kazi yangu ni kutundika picha maofisini na majumbani mwa watu. Kwenye korido ya kwangu nina dhoruba tatu. Mbili ni za Galveston, mji wa kisiwani kusini mwa hapa, ambako tarehe 8 Septemba 1900 bahari ilipanda kama mita 4.5 juu ya kisiwa ambacho kilele chake hakikufika mita 3. Waliokufa hukadiriwa kati ya 6,000 na 12,000. Ya tatu ni wingu la vumbi likiufuata mji mdogo wa Stratford, kaskazini kabisa mwa Texas, 18 Aprili 1935.

Za Galveston nilizishusha kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, na ya vumbi kutoka hazina ya picha ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa. Zote ni bure na hazidaiwi hakimiliki. Ukitaka dhoruba za karibuni zaidi, kama Carla ya 1961, angalia kwanza nani alipiga. Picha ya gazeti huenda bado ina mwenyewe. Na kama una picha halisi ya familia, iskani, halafu irudishe kwenye albamu gizani. Ukutani iende nakala.

Shusha faili kubwa kuliko zote, ya TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora wa picha. Hesabu yake ni nyepesi: kila inchi ya bamba itafutie pikseli 200, yaani vinukta vinavyounda picha. Bamba la inchi 20 kwa 30 linataka pikseli 4,000 kwa 6,000. Ila usidanganywe na ukubwa wa faili peke yake. Picha nyingi za Galveston zilitolewa kama kadi zenye picha mbili pacha, za kutazamwa kwa miwani maalumu, na kila pacha ni kama sentimita 8 tu. Ukiikuza hadi mita nzima utapata chenga za mchele. Mimi nilichukua pacha mmoja nikaishia sentimita 40.

Hapa kuna mtego mwingine. Duka la kwanza nililolipa lilipitisha picha yangu kwenye programu ya kunoa picha bila kuniuliza. Kwenye kifusi palikuwa na mtu amesimama mbali, uso wake doa tu la kijivu. Aliporudi alikuwa na macho, pua, na tabasamu! Mtu amesimama juu ya nyumba zilizosagika, wamempa tabasamu. Siku hizi naandika kwenye oda: msinoe, msifute mikwaruzo, msiongeze kitu. Vumbi la skana nalifuta mwenyewe. Ufa wa kioo cha negativu, kile ambacho picha ya zamani ilinaswa juu yake, nauacha.

Sasa bamba lenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wino huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi hubanwa juu ya alumini iliyopakwa utando maalumu, kwa joto la nyuzi 200 hivi. Wino hugeuka mvuke ukazama ndani ya utando. Utando uko wa aina mbili: wenye weupe chini yake, na wa wazi unaoacha fedha ya alumini ionekane. Wauzaji wanaupenda ule wa wazi kwa sababu unawaka. Kwa picha ya zamani ukatae. Picha hizi weupe wake tayari ni hafifu, na kwenye utando wa wazi weupe wote unakuwa rangi ya sufuria. Chukua wenye weupe chini, na uso usiong'aa.

Kung'aa nako nimekulipia. Stratford ya kwanza niliitoa yenye mng'ao, na wingu lile jeusi likawa kioo: nilipita koridoni nikaona friji yangu inaelea juu ya mji. Kabla hujaagiza, zima simu, mwombe mwenzako aishike pale ukutani kioo kikitazama chumba, nawe ukae unapokaa siku zote. Ukiona dirisha ndani ya simu, utaliona ndani ya picha pia. Agiza pia kipande kidogo cha majaribio chenye sehemu nyeusi kuliko zote na nyeupe kuliko zote, maana picha za rangi moja huweza kurudi na ukijani au uwaridi.

Kutundika kwenyewe si kazi kubwa. Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 kutoka sakafuni, tumia pimamaji, na shika bamba kwa pande, kwa kuwa kona ikianguka inapinda na hainyooki tena. Usiliweke jua linapopiga, wino hupauka. Chini yake naweka kibao kidogo cha mahali na tarehe. Picha za maiti situndiki, hata mteja akitaka.

Mwaka jana nilimbebea bibi moja ya Galveston, sentimita 30 kwa 40, katikati ya makaratasi magumu mawili ndani ya sanduku. Nyumba yake ni ya tofali, kwa hiyo nilitoboa kwa drili ya kugonga, nikaingiza plagi za plastiki na skrubu za chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya chumvi ya bahari. Kitovu nilikishusha hadi sentimita 110, kwa sababu bibi anakaa kwenye kiti kifupi na hasimami kutazama picha. Aliitazama kitambo, akauliza minazi yao iliangukia wapi.