Kumwandaa Standardbred kwa Mashindano ya Masafa Marefu

Anayemchukua farasi wa Standardbred aliyestaafu mbio za vigari, akikusudia kumpanda katika mashindano ya kilomita 80 au 160, na amtazame kwanza namna anavyotupa miguu, kabla ya rangi na umbo. Uzao huu wa Marekani, ambao karibu wote unatokana na dume aitwaye Hambletonian 10, aliyezaliwa New York mwaka 1849, ulichujwa kwa saa: kipimo cha 1879 kilimtaka farasi wa matiti, yaani mwendo wa miguu ya mshazari kutua pamoja, amalize maili moja kwa dakika 2 na nusu.

Baadhi yao huenda matiti, mguu wa mbele wa kulia ukitua pamoja na wa nyuma wa kushoto. Wengine huenda kwa ubavu, yaani miguu miwili ya upande mmoja hutua pamoja. Kwa safari ndefu mimi ningechagua wa matiti, kwa kuwa yule wa ubavu humyumbisha mpandaji kulia na kushoto, na hapo kuinuka juu ya vikuku vya tandiko kwa kufuata mapigo ya mwendo huwa kazi ngumu. Hata hivyo usimkatae kwa haraka. Mwachie malishoni umwangalie, kwani wengi wa hao huenda matiti wenyewe wanapokuwa huru. Kisha mpitishe juu ya magogo yaliyolazwa chini, ambayo humvunjia ule mwendo wa ubavu.

Kumbuka kwamba huenda hajazoea mtu mgongoni. Amri ya miguu yako haijui, na ukivuta hatamu anaweza kuegemea lijamu na kuongeza kasi, kama alivyokuwa akifanya kiwanjani. Kwa hiyo legeza mkono, tumia sauti, na anza kwa kutembea vilimani. Shoti isubiri: badiliko la jeni DMRT3, lililotangazwa mwaka 2012, humfanya awe mzito kuitoka matiti, na matiti ndiyo mtaji wake.

Mapafu yake yana mazoezi, lakini ya maili moja tu. Ongeza umbali polepole kwa miezi, ukibadilisha jozi ya miguu unayoinukia ili upande mmoja usichoke. Kwa kuwa misuli yake ni mizito kuliko ya farasi wa Kiarabu, joto huchelewa kumtoka. Mmwagie maji, uyakwangue, umwagie tena, ukimpima mapigo ya moyo mpaka yashuke hadi 64 kwa dakika, kiwango ambacho madaktari wa mifugo hukitumia mara nyingi kwenye vituo vya ukaguzi vya mashindano.