Jinsi ya kutengeneza kifaa cha kuvaa cha kupoza goti lililoumia

Mdogo wangu aliteguka goti kwenye ndondo, tukafanya kile ambacho mtaani wote wanafanya, barafu ya friza moja kwa moja kwenye ngozi, bandeji juu yake imekazwa kweli kweli, akalala nayo. Asubuhi uvimbe umepungua lakini ngozi ina malengelenge kama amemwagikiwa chai. Barafu ikitoka tu kwenye friza inaweza kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, hiyo inaunguza, ila ikiwa ndani ya maji inabaki kwenye sifuri hapo hapo mpaka iyeyuke yote. Kwahiyo hiki kifaa kinatumia maji ya barafu yanayozunguka, pampu inayatoa kwenye boksi, yanapita kwenye mpira mpaka gotini na kurudi, na kazi yenyewe sio kupata ubaridi maana ubaridi upo, kazi ni kuuzuia usizidi na uzimike wenyewe.

Kuna watu wanakimbilia kile kibati cha Peltier cha volti 12, kile kinachopoa upande mmoja ukikipa umeme. Mimi sikushauri. Kinakula ampea 4 mpaka 6, alafu upande wa pili unachemka mpaka ufunge bati la kupoza na feni, sasa hayo yote uyavae gotini? Betri ya pikipiki ya 7Ah, yaani ya kutoa ampea 7 kwa saa moja, inaisha kwa saa moja na kidogo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334, yaani hata goti na mipira vikivuta wati 50 unaenda karibu saa 2, na kazi ya umeme inabaki kusukuma maji tu.

Tafuta kuula boksi ndogo au jagi la barafu la lita 5, pampu ndogo ya volti 12 ya kuzamisha majini, mpira laini wa silikoni wenye ukuta mwembamba kama mita 6 hivi, betri, swichi ya taima ya volti 12, na kile kipimajoto cha friji chenye waya mrefu na kikichwa mwishoni. Hicho kipimajoto usikiruke hata kama hela imebana.

Kwa fundi cherehani sasa. Vitambaa viwili, cha ndani pamba nyembamba kama ya tisheti, cha nje sponji ya mkeka wa mazoezi ili joto la hewa lisiingie, apige mistari ya kutengeneza vijia vya kupitisha mpira, juu na chini na pembeni mwa goti. Aache tundu la kifuniko cha goti, na mpira usipite nyuma ya goti kabisa maana ukikunja tu unajibana na maji yanasimama. Velkro pana mbili, basi. Pale upande wa nje wa goti, chini kidogo, ukipapasa utakuta kifupa kimechomoza, mshipa wa fahamu unapita hapo karibu sana na ngozi na ukipozwa na kubanwa kwa muda mrefu mtu anaweza kushindwa kunyanyua mguu kwenye kifundo, kwahiyo hapo weka sponji tupu bila mpira.

Mipira ya kutoka kwenye boksi ifunike na sponji, la sivyo kwa joto la Dar inatoka jasho na suruali yote inalowa.

Kabla hujamvisha mgonjwa vaa wewe kwenye goti lako lisiloumia. Kikichwa cha kipimajoto kiwe kati ya kitambaa na ngozi, washa, kaa dakika 20 huku unasoma. Unataka nyuzi 10 mpaka 15. Ikishuka chini ya 10 usipunguze barafu, ongeza tabaka la kitambaa au punguza maji kwa koki ndogo ya plastiki ya tangi la samaki, mimi ilibidi niongeze tabaka moja tu ikakaa kwenye 12. Kunja goti na kunyoosha mara kadhaa pampu ikiwa inafanya kazi, uone kama maji yanarudi vizuri. Taima iweke dakika 20, ikizima asivae tena mpaka saa 2 zipite, na asilale nayo jamani.

Mwenye sikoseli asitumie kabisa, baridi inaweza kumwamshia maumivu ya mwili mzima. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni pia hapana, hatajua kama anaungua. Na kama goti limekaa vibaya au hawezi kukanyaga, hospitali kwanza akapigwe eksirei. Baridi inatuliza maumivu tu siku za mwanzo, kano iliyokatika haiungi.

Ukimaliza mwaga maji yote, pulizia mpira mpaka utoke mkavu, ning'iniza kivulini. Cha mdogo wangu tulikiacha na maji siku 3, kikaota utando wa kijani ndani, ikabidi tununue mpira mwingine.