Jinsi ya kuuona upepo wa nyota katika eksirei za Cygnus X-1

Cygnus X-1 ni shimo jeusi na nyota kubwa, HDE 226868, vinavyozungukana; upepo wa nyota ni gesi inayotiririka kutoka nyota hiyo. Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi mmoja wa hapa Mombasa, mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya simu. Mawingu ya masika si kizuizi, kwa kuwa eksirei za angani hazipenyi angahewa na hupimwa kutoka juu yake.

Hatua ya 1. Pakua data ya Cygnus X-1 kutoka tovuti ya MAXI, kifaa cha Japani kilichoko katika Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2009. Chukua faili ya kila mzunguko wa kituo, yaani takriban dakika 90, wala si ya wastani wa siku.

Hatua ya 2. Ifungue kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Lahajedwali sipendekezi hata kidogo.

Hatua ya 3. Tenga vipindi ambavyo eksirei ni ngumu (za nishati kubwa) na vile ambavyo ni laini (za nishati ndogo). Hapa ndipo saa nyingi hupotelea. Katika hali laini, mwanga wa kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 2 hadi 4 huongezeka mara kadhaa, na ukichanganya hali hizo mbili, mabadiliko madogo yanayoletwa na upepo humezwa kabisa. Chora kwanza miaka yote kwa pamoja, kisha ubakishe vipindi virefu vya hali ngumu pekee. Usichuje nukta moja moja kwa kutumia uwiano wa ugumu, yaani eksirei ngumu zikigawanywa kwa laini, kwa sababu upepo unapofyonza eksirei laini hubadilisha uwiano huohuo, na kwa kuchuja hivyo utakuwa umeamua jibu kabla ya kuuliza swali. Wiki zenye mpito kati ya hali hizo ziache nje, hata kama data itapungua.

Hatua ya 4. Kutoka kila tarehe ya MJD (hesabu ya siku mfululizo ya wanaastronomia, iliyofupishwa kutoka siku ya Julius) toa 51729.949, gawanya kwa 5.599829, ambazo ndizo siku za mzunguko mmoja, kisha ubakishe desimali tu; hiyo ndiyo awamu, yaani sehemu ya mzunguko iliyokwisha kupita. Siku ya Julius huanza saa tisa alasiri kwa saa zetu, ilhali ya MJD huanza saa tisa usiku. Ukizichanganya, awamu husogea kwa karibu 0.09.

Hatua ya 5. Gawa awamu katika mafungu 20 na uchore wastani wa kila fungu. Karibu na awamu 0, nyota HDE 226868 iko upande wetu wa shimo jeusi. Haiifuniki njia ya eksirei, maana tunauona mzunguko huo kwa mwinamo wa takriban digrii 27 tu, lakini eksirei hupita katika upepo mzito zaidi, na zile laini hupungua kuliko ngumu. Nukta zinazoshuka ghafla hapo, ikiwa makosa yake ya kipimo ni madogo, huenda ni mabonge ya upepo. Zichunguze moja moja kabla ya kuzifuta.