Kabla Hujafungua Barua Pepe za Ofisi: Jinsi ya Kuzuia Barua Taka Mapema

Anwani ikishaingia kwenye orodha za watuma barua taka, haitoki tena. Orodha hizo huuzwa na kunakiliwa mkono kwa mkono, na hakuna dirisha la kwenda kuomba ufutwe. Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa kabla ofisi haijatuma barua yake ya kwanza.

Anza na majina. Anwani zinazoanza na info@ au mauzo@ hukisiwa na programu hata kama hujaziandika popote, kwa hiyo ziwe za wateja tu. Akaunti ya benki, ya kodi na ile ya msajili wa domeni (jina la ofisi mtandaoni, lile linalofuata alama ya @) zipewe anwani ya peke yake, isiyoonekana kwenye tovuti wala kwenye kadi. Angalia pia kama seva imeachwa ipokee barua za jina lolote kwenye domeni yako. Mpangilio huo uzimwe, la sivyo kila jina la kubahatisha litapata mlango.

Kisha rekodi za DNS, yaani daftari la mtandaoni linaloeleza habari za domeni yako, na hapa usiwe na haraka. SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe iliyotolewa mwaka 1982, haikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Yeyote aliweza kuandika anwani yako mahali pa mtumaji. Pengo hilo huzibwa na rekodi tatu. SPF hutaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM hutia kila barua sahihi ya kidijitali, na DMARC humwelekeza mpokeaji afanyeje barua ikifeli zote mbili.

Kosa la kawaida ni kuwa na rekodi mbili za SPF: fundi wa tovuti kaweka yake, wa barua kaongeza nyingine. Matokeo yake ni hitilafu, na hakuna inayofanya kazi. Ziunganishwe ziwe mstari mmoja. SPF pia ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS, na kila «include» (neno linaloita rekodi ya kampuni nyingine) huhesabiwa pamoja na zilizomo ndani yake. Ufunguo wa DKIM, ule wa kuhakiki sahihi, uwe wa biti 2048, lakini kwa kuwa kipande kimoja cha rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi ya DNS) hakizidi herufi 255, lazima ugawanywe. Ukikatika wakati wa kunakili, kila sahihi itakataliwa.

DMARC ianze na p=none, yaani kutazama tu, na ndani yake uweke anwani ya kupokelea ripoti. Zisome kwa wiki kadhaa. Mara nyingi hujitokeza mfumo wa ankara au wa mishahara uliosahaulika, unaotuma kwa jina la ofisi bila kuwemo kwenye SPF. Ukishausajili, panda hadi p=quarantine (barua iliyofeli iende kwenye taka), kisha p=reject (ikataliwe kabisa). Wengi hubaki kwenye none miaka nenda miaka rudi wakidhani wamejikinga, ilhali none haizuii chochote. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti zake awe na rekodi zote tatu, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3.

DMARC haimzuii tapeli aliyesajili domeni inayofanana na yako kwa herufi moja tu. Kwa hilo dawa ni utaratibu wa uhasibu: barua ikisema akaunti ya malipo imebadilika, mhasibu apige simu kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mfanyakazi, kwani sanduku lililoibwa ndilo hugeuka mtambo wa kuwatumia wengine taka. Tumia programu ya kuzalisha namba za siri badala ya SMS. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kupewa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea namba zako za siri.

Zima pia upakuaji wa picha wa moja kwa moja, kwa kuwa picha ya nukta moja inatosha kumjulisha mtumaji kwamba barua imefunguliwa. Kiungo cha kujiondoa bofya kwa kampuni unayoijua tu. Nyingine ziripoti kama taka. Na awepo mtu wa kupitia folda ya taka kila wiki, maana Gmail huifuta baada ya siku 30, na barua ya zabuni huangukia humo pia.